Sprei ya ganzi, mshono wangu, na mama aliyekuja na chetezo

Nesi aliingia na kikapu cha plastiki kama cha muuza karanga wa stendi, akakitua kitandani miguuni kwangu akaanza kutoa kimoja kimoja. Chupi za wavu zile za kutupa, pedi kubwa utadhani kigodoro cha mtoto, pedi za barafu, kachupa ka kuminya kenye mdomo mrefu, kikopo cha vipamba vya duara vimelowekwa kwenye witch hazel sijui ni mti gani huo, na mwisho kabisa kopo la bluu la kupuliza, kwa mbali ungesema dawa ya mbu. Mi hapo nina masaa sita tangu nijifungue, nimeshonwa, sindano ya mgongo ndo inaisha nguvu, miguu inarudi taratibu na maumivu yanarudi nayo, namtumbulia macho tu. Akalinyanyua lile kopo akasema hili usije ukalisahau hapa, watu wanasahau chaja, wanasahau maua, ila hili wanarudi kulifuata.

Alisema kweli yule nesi.

Sasa hii nimeona niiandike kwa sababu wanawake wa kwetu uchungu tunasimuliana mpaka mwali anaogopa kuolewa, lakini mtoto akishatoka stori inaishia hapohapo, "alhamdulillah tumepata binti", halafu kimya. Zile wiki mbili zinazofuata, za kukaa tako moja kama mtu kakalia msumari, za kuogopa kwenda chooni, hizo kila mtu anazibeba mwenyewe. Mi mwenyewe ni mtu wa Tanga, niko Houston mwaka wa tano huu, na nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu kujifungua isipokuwa hicho.

Nilichanika daraja la pili. Maana yake ngozi na nyama iliyo chini yake, ila haikufika kwenye msuli unaobana haja kubwa, hilo la tatu na la nne naomba Mungu aniepushie. Nyumbani tumezoea kusikia "niliongezewa njia", huku siku hizi hawakati ovyo, na hata WHO hawapendekezi kila mzazi akatwe kama utaratibu tu, kwa hiyo wanaacha, ukichanika wanakushona na nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Sawa. Kushonwa hata sikusikia. Nilisikia kesho yake asubuhi nilipoambiwa niende nikakojoe.

Jamani mkojo kwenye mshono. Sitaki kuwatisha, ila unachonyota kiasi kwamba nilishika ule ukuta wa choo nikataja majina ya ndugu zangu wote. Ndo nesi akaja akanifundisha: kachupa unakajaza maji ya vuguvugu, unakojoa huku unamwagia, mkojo unachanganyika na maji haukuchomi. Ukimaliza unajikausha kwa kugusagusa, usifute. Kisha kopo la bluu, shubiri moja kutoka mwilini, unapuliza kidogo. Kisha vile vipamba, kisha pedi. Kama unatandika kitanda.

Ile sprei ikigusa, kwanza baridi. Ya baridi kweli, unaruka. Halafu kuna sekunde mbili tatu unajiuliza mbona kama inachoma, halafu, sijui niielezeje, kama mtoto aliyekuwa analia chumba cha pili kisha akanyamaza ghafla. Unabaki unasikiliza. Nilikaa pale nikacheka mwenyewe.

Basi si mnanijua, nikaanza kugugo kitandani mtoto kalala kifuani. Ndani ya hilo kopo, jina lake Dermoplast kwa wanaotaka kulijua, vitu vinavyofanya kazi ni viwili tu: benzokeini asilimia 20 na mentoli asilimia 0.5. Benzokeini ni ukoo mmoja na ile ganzi anayokuchoma daktari wa meno kabla ya kung'oa jino, ila hii haichomwi, haiyeyuki vizuri kwenye maji kwa hiyo inakaa juujuu pale ulipoiweka. Ni dawa ya zamani, Mjerumani mmoja Eduard Ritsert aliitengeneza mwaka 1890. Kabla ya hapo ganzi ya kupaka au kudondoshea ilikuwa ni kokeini, ndiyo, hiyohiyo mnayoifikiria, daktari wa macho Carl Koller wa Vienna alionyesha mwaka 1884 kwamba ukidondoshea jichoni unaweza kumpasua mtu jicho na asisikie. Ndo maana majina yote yanaishia keini keini, benzokeini, lidokeini, wamebaki na jina la ukoo ingawa tabia wameacha.

Inavyofanya kazi: mshipa wa fahamu ili upeleke habari ya maumivu juu kwenye ubongo lazima ufungue vitundu vidogo sodiamu iingie, chukulia daladala, abiria wasipopanda gari haiondoki kituoni. Benzokeini inakaa mlangoni. Kidonda kipo palepale, mshono upo, lakini habari haisafiri. Na ile baridi, hiyo ni mentoli, na ni baridi ya uongo, haishushi joto la ngozi kwa lolote la maana, inachokoza tu kile kipokezi cha kuhisi baridi kikadhani kimewekewa barafu, uongo uleule wa pipi ya minti ukinywea maji. Ile Nobel ya 2021 waliyopewa David Julius na Ardem Patapoutian ni kwa mambo hayo, mwili unajuaje moto na baridi na mguso, mmoja wao kwenye moto alitumia ile kemikali ya pilipili. Nikamwambia mume wangu kwamba watu wamepata Nobel kwa pilipili na minti, akasema mama atafurahi kusikia, maana anakuja na pilipili manga kilo mbili.

Ila kitu nilichochelewa kukielewa ni hili neno "juujuu". Sprei ya ganzi ni ya juu. Ngozi nzima yenyewe ni ngumu kuipenya, ukipuliza kiganjani husikii la maana, inashika pale ambapo ngozi ni laini au imeumia. Na mshono wa daraja la pili una tabaka la chini, nyama, huko haifiki. Siku ya tatu nimerudi nyumbani, nimepuliza, najiona mzima, nikapanda ngazi mpaka gorofa ya tatu na kiti cha gari cha mtoto mkononi huku mume wangu ananifuata nyuma anasema weka chini weka chini. Juu ganzi, kwa hiyo hakuna kilichonionya. Usiku ule yale maumivu ya ndani yale, yale mazito ya kuvuta kama kitu kinataka kuanguka, yalinikalisha macho mpaka alfajiri na nilipuliza robo ya kopo bila faida yoyote, ni kama kumwagia maji bati wakati moto uko jikoni. Kilichonisaidia ni ibuprofen na kulala ubavu. Daktari alishaniandikia ibuprofen tangu mwanzo, mi ndo nilikuwa nairuka nikidhani kopo linatosha.

Siku ya nne mama akafika. Tanga, Dar, Doha, Houston, mwanamke wa miaka sitini na mbili hajawahi kupanda ndege katika maisha yake, katoka pale mlangoni na baibui yake imenyooka utadhani katoka sokoni. Sanduku moja zima lilikuwa langu: mkaja, pilipili manga, udi, ubani, chetezo kimefungwa kwenye khanga mbili, na mafuta ya nazi ambayo sijui yalipitaje. Akanawa mikono, akambeba mjukuu, akasoma anayoyajua akampulizia kichwani, akamrudisha kwangu, halafu akasema haya, maji yako wapi nikukande.

Hapo ndo vita ilipoanzia. Mama anajua kumlea mzazi, kawalea wengi, dada zangu, mashangazi, majirani, na kwake mzazi anakandwa kwa maji ya moto, moto kweli, kitambaa kinachovyiwa mpaka mikono yake yeye mwenyewe inakuwa myekundu. Mi nina karatasi ya hospitali inasema mshono usipelekewe maji ya moto. Yeye anatazama lile kopo la bluu kwenye sinki, analigeuza, anatikisa. "Hiki ndo wamekupa? Kujifungua kote huko wamekupa dawa ya mbu?"

Kachupa ndo kalimfanya akae chini kwa kucheka. Nilimweleza kwamba huku ni kitu maalumu cha wazazi, wanapewa hospitali, wanaandikiana mitandaoni jinsi kalivyowaokoa. Mama akakashika, akakaminya, maji yakamrukia. "Yaani hawa kujitawaza mpaka wazae?" Wallahi sikuwa na jibu.

Tulifikia suluhu. Tumbo anikande ila kwa maji ya kuvumilika, chini hapaguswi na maji ya moto, badala yake beseni la maji ya vuguvugu na chumvi kidogo nikalie dakika kumi au kumi na tano, kitu ambacho kumbe na hospitali ya hapa wanashauri, wana hadi kibeseni maalumu cha kuweka juu ya choo. Mama alipoona kile kibeseni akasema hao wameiba kwetu. Baada ya beseni nikauke, nipulize ganzi, ndo nile uji wa pilipili manga. Kwa hiyo siku zangu zikawa hivyo, nusu Tanga nusu Texas, na kusema kweli sijui nusu ipi iliyoniponya, maana kuna watu wa Cochrane, wale wanaopima ushahidi wa tiba, waliwahi kukusanya tafiti zote za hizi dawa za ganzi za kupaka kwenye mshono wa uzazi, ilikuwa 2005, wakasema ushahidi kwamba zinasaidia hauna nguvu. Niliposoma hivyo nilikasirika, nikasema waje wakojoe wao. Lakini nikifikiria, mi nilikuwa natumia barafu siku ya kwanza, ibuprofen, kachupa, beseni, vipamba na sprei kwa pamoja, nani ajue ni mkono upi uliofunga goli. Nachojua ni dakika zile baada ya choo, na zile dakika nisingependa kuzipita bila kopo.

Kituko cha chetezo sasa. Siku ya pili ya mama, baada ya kunikanda, anataka kunifukiza, mzazi lazima anukie. Mi niko bafuni nimetoka kupuliza, kopo nimeliacha juu ya sinki. Mama anaingia na chetezo, mkaa umeshakolea mwekundu, udi unafuka, anakitua wapi? Palepale juu ya sinki, pembeni ya kopo, hata kiganja hakipiti katikati. Na lile kopo kwa mgongo limeandikwa kwamba linashika moto, lisitumike karibu na moto wala kuvuta sigara, maana gesi inayosukuma dawa itoke ni ya kuwaka, na mi natoka kupuliza sekunde hiyohiyo, hewa yote ya bafuni ni hiyo. Nilipiga kelele. Mama akadhani mshono umefumuka akarudi mbio kunishika, mume wangu sebuleni akasikia kelele akaja mpaka mlangoni akakumbuka mkwewe yuko ndani na mi niko uchi, akasimama palepale kageukia ukuta anauliza "kuna nini, kuna nini" anaongea na ukuta. Na moshi wa udi ndo ukafika kwenye king'ora. Kikaanza. Mtoto naye akaanza.

Mama kasimama katikati na chetezo chake mkononi. "Nyumba gani hii inalia ukifukiza udi?"

Hakuna kilicholipuka alhamdulillah. Baadaye mume wangu akaenda yale maduka ya Hillcroft akarudi na chetezo cha umeme, mama hakipendi mpaka leo anasema kinapika udi hakifukizi, ila mkaa ndani ya apatimenti yenye madirisha yaliyofungwa ni hatari hata bila sprei. Na kopo likahamia kabatini.

Mume wangu naye ana sehemu yake. Kopo la kwanza lilipoelekea kuisha nilimtuma dukani, nikamwambia la bluu, bluu, nikamtumia na picha. Karudi na jekundu. Jekundu ni la jina lilelile lakini ndani lina na dawa ya kuua vijidudu, ni la mikwaruzo na majeraha madogo, na nesi alishanionya nisiliweke kwenye mshono. Sasa kanunua kosa, anataka kunionyesha, na mama kakaa kwenye kochi, na mwanaume wa Kidigo na mama mkwe wake hawazungumzii mambo ya chini ya kitovu, kwa hiyo anazunguka zunguka na mfuko, ananikonyeza, ananionyesha kopo nusu nusu. Mama bila kunyanyua macho kutoka kwa mtoto akasema, "Mwanangu, si hilo. Lile lilikuwa bluu."

Maskini alitoka bila hata kuvaa soksi.

Sasa niwaambie sehemu isiyochekesha. Wiki ya pili inaanza, wakati watu wanasema ndo unapata nafuu, mi nikawa nahitaji sprei zaidi. Maelekezo ya kopo yanasema mara tatu au nne kwa siku, na kama siku saba zimepita hali haijaboreka umwone daktari. Mi nilikuwa napuliza tano, kisha sita. Nilikuwa najiambia ni kwa sababu natembea sana. Ukipuliza linanyamaza, likirudi unapuliza, hujiulizi mbona linarudi haraka. Mi sikujiuliza. Mama ndo alijiuliza, na kwa njia ambayo sikuitegemea: alikuwa analala chumba kinachopakana na bafu na ukuta wa huku ni kama karatasi, alikuwa anahesabu. Pssss. Moja. Pssss. Mbili. Jioni moja akaja na mtoto begani akaniambia, "Leo umepuliza mara saba. Jana sita. Kidonda kinachopona hakiongezi dawa. Lala nikuangalie."

Nikamwambia mama nimeshaonwa na daktari. Akasema daktari kakuona lini, na we hospitali unarudi wiki ya sita. Lala.

Nililala. Mama alichukua tochi ya simu, akaangalia, hakusema kitu, akanifunika, akaenda kumwambia mume wangu kupitia mlango uliofungwa kwamba awashe gari. Mshono upande mmoja ulikuwa umevimba na mwekundu na unatoa usaha, na mi sikuwa najua, kwa sababu kila nilipotaka kusikia nilikuwa nimeshaunyamazisha. Na mwili ulikuwa wa moto kidogo, nilidhani ni maziwa.

Daktari wa zamu kaniangalia, kauliza dawa ninazotumia, unapuliza mara ngapi kwa siku, nikasema nne. Kiingereza cha mama ni cha kubabaisha lakini "four" aliisikia. Akanyanyua mikono yote miwili akamwonyesha daktari vidole saba.

Nilipewa antibayotiki, mshono hawakuufumua, walisema umewahiwa, na sprei nikaambiwa nipumzike nayo kwanza ili kama hali inabadilika nisikie. Siku mbili za kwanza bila ganzi zilikuwa ngumu kuliko za mwanzo. Siku ya tatu nikaona kweli yanapungua, na safari hiyo yalikuwa yanapungua yenyewe. Mama hakunikumbusha hata mara moja. Ila kila nikitoka bafuni alikuwa anatega sikio, najua.

Haya, na hii ni kwa walioko nyumbani, hasa mdogo wangu mmoja, mtoto wa mamdogo, ambaye alijifungua mwezi uliofuata. Nilikuwa nimemsifia hii sprei mpaka basi. Siku moja ananitumia picha WhatsApp: "Dada nimeipata na huku, nimeulizia sprei ya maumivu famasi wakanipa." Nakuza picha, ni ile ya misuli! Ile ya wacheza mpira, ya mgongo na magoti, yenye mentoli nyingi na ile methili salisileti inayonukia kama chingamu. Ndugu zangu hiyo ikigusa mshono utapanda juu ya kabati. Nilimpigia hapohapo huku kwangu ni saa tisa usiku, nikamkuta kashakaa tayari kwenye beseni kopo mkononi. Sprei ya maumivu ni jina la familia kubwa. Kuna ya misuli, hiyo inapasha au inapoza kwa juu ili usahau maumivu ya chini, na imeandikwa kabisa isipelekwe kwenye jeraha. Kuna ile ya baridi kali ya uwanjani, inapuliza mpaka ngozi inakuwa nyeupe, hiyo ukiisogeza karibu sana na ngozi inaunguza kwa baridi. Kuna ya lidokeini asilimia 10 wanayotumia madaktari kwenye koo na mdomo, kila mpulizo mmoja una miligramu 10, ile ina kipimo si ya kujipulizia kama marashi. (Na ndiyo ile ambayo ukiulizia baadhi ya maduka muuzaji anakuuliza kwa sauti ya chini "ya mzee?" Nimekaa kimya.) Kwa hiyo famasi usiseme sprei ya maumivu, sema ni kwa ajili ya mshono wa uzazi, tena muulize nesi aliyekushona kwanza, na wakikwambia hawana, maji ya vuguvugu na chumvi hayajawahi kumuumiza mtu.

Jambo jingine, hizi ganzi kwa mtoto mchanga hapana. Binti yangu alipoanza meno, mwezi wa tano, mate kifua kizima, rafiki yangu mmoja akaniuliza kwani zile dawa zako za ganzi huwezi kumpaka kidogo kwenye ufizi. Benzokeini inaweza kugeuza damu isibebe oksijeni vizuri, mtu anakuwa na midomo ya kijivu au bluu na pumzi inakuwa shida. Kwa mtu mzima anayepuliza kidogo juu ya ngozi ni nadra, lakini FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2018 walisema dawa za mdomoni zenye benzokeini zisitumike kabisa kwa watoto chini ya miaka miwili, na walikuwa wamekusanya visa zaidi ya 400 tangu 1971. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, nao wanaonywa juu ya hizi ganzi, na kwetu Pwani wenye hiyo si wachache, ndo walewale wanaoambiwa wasile dawa fulani za malaria. Na mi nilikuwa najipuliza mara saba. Binti alitafuna kitambaa cha baridi kutoka friji, meno yakatoka.

Mama aliondoka arobaini ilipoisha. Siku ya kufunga sanduku nikaona anaviringisha kitu kwenye khanga kwa siri, nikajua, nikamwachia. Alipofika Tanga mdogo wangu alikuwa ameshapona, kwa hiyo nikadhani kopo liko kabatini linakula vumbi.

Juzi anapiga. Anasema alikuwa anachoma vitumbua mafuta yakamrukia mkononi, akaweka chini ya maji ya bomba mpaka moto ukaisha, akakumbuka kile kidude. Shubiri moja, kidogo. Akasikia kimenyamaza palepale. Nikamwambia ndiyo mama, kuungua kidogo imeandikwa, hiyo ni kazi yake hasa. Nikamuuliza umepuliza mara ngapi.

"Mara moja," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na jirani naye nyigu kamng'ata. Na mwanawe. Limebaki nusu, we unakuja lini?"